MKONO WA GURUDUMU: UUNDAJI NA UFUNGAJI WAKE KATIKA GARI LA MBIO ZA VUMBI

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii aghalabu hutumiwa watu wanapozungumzia ndoa, mali na malezi. Hata hivyo, kuna mahali ambapo ukweli wake hudhihirika kwa muda wa sekunde moja tu, nako ni chini ya gari la mbio linalopita juu ya mawe kwa kasi. Hapo, ufa mwembamba kama unywele, ukipuuzwa jioni, huweza kumnyang'anya dereva gurudumu lake asubuhi yake.

Mfano ulio bayana ulionekana nchini Kenya tarehe 27 Juni 2021. Mashindano ya Safari Rally, yaliyoasisiwa mwaka 1953, yalikuwa yamerejea katika ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu mwaka 2002. Thierry Neuville wa Ubelgiji aliianza siku ya mwisho akiwa mbele ya wenzake kwa takriban dakika nzima. Katika sehemu ya kwanza ya siku hiyo, huko Loldia karibu na Ziwa Naivasha, suspensheni ya nyuma upande wa kulia ya gari lake iliharibika, akalazimika kujiondoa. Ushindi ukamwendea Sébastien Ogier wa Ufaransa. Injini ya Neuville ilikuwa nzima na dereva mwenyewe alikuwa mahiri. Kilichomwangusha ni kile kinachoshikilia gurudumu.

Iwapo gari lililoundwa na wahandisi wa kampuni kubwa laweza kufikwa na hayo, fundi wa gereji ndogo anayeunda vipuri kwa mikono yake ana sababu ya kuwa mwangalifu maradufu. Makala haya yanakusudia kueleza kipuri kimoja cha suspensheni, yaani mkono wa gurudumu: ni nini, kwa nini huundwa upya kwa ajili ya mbio za vumbi, huundwaje na hufungwaje. Hoja kuu ni kwamba mkono bora si ule usiopinda katu. Mkono bora ni ule uliopimwa sawasawa, na ambao, ikibidi ushindwe, utapinda na kutoa ishara kabla ya kukatika.

2.0 Mkono wa Gurudumu ni Nini?

Suspensheni ni mfumo unaoliunganisha gurudumu na bodi ya gari kwa namna inayoliruhusu gurudumu kupanda na kushuka. Watu wengi hudhani kwamba kazi yote ya mfumo huu hufanywa na springi na shoki. Ukweli ni kwamba springi hubeba uzito na shoki hutuliza mtikisiko, lakini aghalabu si springi inayoamua gurudumu lipite njia ipi linapopanda na kushuka. Uamuzi huo ni wa mkono.

Jina lenyewe linafaa sana. Mkono wa mwanadamu umeshikamana na kiwiliwili begani, na mwisho wake ni kiganja kinachoshika kitu. Vivyo hivyo, mkono wa gurudumu umefungwa kwenye chasisi kwa bolti inayopita ndani ya bushi. Hilo ndilo bega lake. Kwa magurudumu ya mbele, upande wa nje wa mkono hushika kitovu cha gurudumu kwa boljointi, yaani tufe la chuma linalozunguka ndani ya kikombe. Hicho ndicho kiganja chake. Bega huuruhusu mkono kupanda na kushuka tu, ilhali boljointi huliruhusu gurudumu pia kukata kona.

Mpangilio wa mikono hutofautiana kutoka gari moja hadi jingine. Aina tatu zatosha kutajwa hapa.

Aina ya kwanza ni ile ya mikono miwili kwa kila gurudumu, mmoja juu na mwingine chini, aghalabu yenye umbo la herufi A. Volvo PV544, gari ambalo Joginder Singh alishindia Safari ya mwaka 1965, lilikuwa na mpangilio huu mbele.

Aina ya pili ni ile iliyobuniwa na mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson, ambayo ilienea baada ya Vita Vikuu vya Pili. Hapa hakuna mkono wa juu. Shoki yenyewe, ikiwa imefungwa imara kwenye kitovu cha gurudumu, hufanya kazi hiyo. Mkono wa chini hubaki peke yake. Magari mengi madogo yanayoonekana katika barabara za Afrika Mashariki, zikiwemo Subaru Impreza za miaka ya 1990, hutumia mpangilio huu mbele.

Aina ya tatu hutumika kwa ekseli nzima ya nyuma, inayoyaunganisha magurudumu mawili kwa mhimili mmoja. Ekseli hiyo hushikwa na mikono inayoelekea mbele ili isisogee mbele wala nyuma, na mara nyingi huongezwa fimbo moja inayokingama ili isiyumbe kando.

3.0 Kwa Nini Mkono Huundwa Upya?

Mkono utokao kiwandani huundwa kwa minajili ya msafiri wa kawaida. Mara nyingi ni bati lililokunjwa na kuunganishwa, na bushi zake ni za mpira laini ili abiria wasisikie mtikisiko. Dereva wa mbio za vumbi ana mahitaji mengine. Kwanza, anahitaji mkono unaostahimili mapigo ya mawe na makorongo. Pili, anahitaji gurudumu lishikwe kwa uthabiti, kwa sababu mpira laini huliruhusu lisogee kinyume cha matakwa ya usukani. Tatu, anahitaji kuweza kurekebisha urefu wa mkono ili abadilishe mkao wa gurudumu kulingana na njia.

Kabla ya kukata chuma chochote, kuna swali ambalo halina budi kujibiwa: je, sheria za shindano zinaruhusu? Magari ya daraja la Rally2, kwa mfano, hutumia vipuri vilivyoidhinishwa na FIA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, na fundi hana ruhusa ya kuunda vyake. Nafasi ya kuunda mikono hupatikana katika madaraja ya mashindano ya nchi, au ya mbio fupi za uwanjani, ambayo kanuni zake zinaacha mwanya huo. Anayeunda kwanza na kusoma sheria baadaye huenda akakuta kwamba amejichosha bure.

Fauka ya hayo, fundi anapaswa kuelewa kwamba kila milimita ina matokeo. Chukua gari lenye mpangilio wa MacPherson ambalo umbali baina ya boljointi na kiti cha shoki kule juu ni milimita 600. Mkono wa chini ukirefushwa kwa milimita 5 tu, sehemu ya chini ya gurudumu husukumwa nje na gurudumu huinama kwa takriban nusu digrii. Mwinamo huo mdogo waweza kusaidia tairi kushika ardhi katika kona. Lakini ikiwa upande wa kulia umerefushwa kwa milimita 5 na wa kushoto kwa milimita 9, gari litavuta upande mmoja, na dereva atapigana na usukani mchana kutwa bila kujua sababu.

4.0 Kuchagua Chuma

Katika karakana za jua kali, tatizo la kwanza ni kishawishi cha kutumia chuma kilicho karibu. Bomba la maji lililopakwa zinki halifai abadani. Zinki hudhoofisha maungio yanapochomewa, na moshi wake humdhuru mchomeaji. Isitoshe, bomba hilo halikutengenezwa kubeba mizigo ya namna hii. Nondo za ujenzi nazo hazifai, kwa kuwa ni nzito kwa kazi hii na mbavu zake huwa mianzo ya nyufa.

Kinachofaa ni bomba la chuma lisilo na mshono, lililovutwa baridi kiwandani. Kwa nini bomba na si fimbo ya chuma mfu? Jibu limo katika hesabu. Bomba lenye kipenyo cha nje cha milimita 32 na ukuta wa milimita 3 lina kiasi kilekile cha chuma, na kwa hivyo uzito uleule, kama fimbo yenye kipenyo cha milimita 18.7 hivi. Hata hivyo, ugumu wa bomba hilo dhidi ya kupindwa unakaribia mara tano ya ule wa fimbo. Siri yake ni kwamba chuma kilicho mbali na kitovu ndicho kinachopinga kupinda, ilhali kile cha katikati hubebwa tu kama abiria.

Urefu nao una sheria yake. Mwanahisabati Leonhard Euler wa Uswisi alionyesha katika karne ya 18 kwamba nguzo inayosukumwa kutoka ncha zote mbili, ikirefushwa maradufu, hubaki na robo tu ya uwezo wake wa kukataa kupinda. Kwa hivyo bomba lililotosha kwa mkono mfupi wa mbele huenda lisitoshe kwa mkono mrefu wa ekseli ya nyuma. Fundi asinakili kipenyo bila kutazama urefu.

Mintarafu aina ya chuma, wengi husifu kile kiitwacho 4130, chenye takriban asilimia 1 ya kromi na asilimia 0.3 ya kaboni. Ni chuma chenye nguvu sana kwa uzito wake, lakini kinataka adabu. Kikipoozwa ghafla baada ya kuchomewa, sehemu iliyo kando ya maungio hugeuka kuwa ngumu na yenye kuvunjika kama kigae. Kwa fundi asiye na mashine nzuri wala uzoefu wa chuma hicho, chuma laini chenye ukuta mnene kidogo ni chaguo la busara zaidi. Kitaongeza uzito, lakini husamehe makosa madogo.

5.0 Kupima na Kuunda

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika kazi hii methali hiyo haina mafumbo. Gari huinuliwa mahali palipo sawa, likakalishwa juu ya stendi imara za chuma. Jeki ni ya kuinulia tu. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Vipimo huchukuliwa kutoka kwenye vitovu vya bolti na boljointi, wala si kwenye kingo za mkono wa zamani, ambao huenda tayari umepinda. Njia rahisi na ya kuaminika ni kutumia timazi. Uzi hushushwa kutoka kila kitovu hadi sakafuni na alama hupigwa kwa chaki. Baada ya alama zote kupigwa pande zote mbili, sakafu huwa imegeuka ramani ya gari. Umbali wa mshazari kutoka kulia mbele hadi kushoto nyuma hulinganishwa na ule wa kutoka kushoto mbele hadi kulia nyuma. Vikitofautiana, chasisi yenyewe imepinda, na mkono mpya hautaiponya.

Kutokana na vipimo hivyo hutengenezwa fremu ya kushikilia. Hii ni meza au bamba nene la chuma lililochomelewa vigingi mahali pa kila kitovu. Vipande vya mkono hulazwa ndani yake na kufungwa kwa bolti kabla ya kuchomewa. Umuhimu wa fremu hii ni mara tatu: huzuia joto lisipotoshe umbo, huhakikisha kwamba mkono wa kulia na wa kushoto ni pacha, na huwezesha mkono wa akiba kutoka sawasawa na ule ulioharibika. Karakana isiyo na fremu huunda mkono mmoja mzuri kwa bahati, kisha hushindwa kuunda wa pili.

Ncha za bomba linalokutana na bomba jingine hukatwa kwa umbo la mdomo wa samaki ili zikumbatiane. Uwazi usizidi unene wa karatasi chache, maana kazi ya kuchomea ni kuunganisha chuma na chuma, si kujaza mashimo yaliyoachwa na msumeno mvivu.

Ikiwa mkono utakuwa wa kurekebishwa, ncha zake hutiwa vipande vya chuma vilivyokatwa hesi kwa ndani, na ndani ya hesi hizo huingizwa jicho la chuma lenye tufe, ambalo mafundi huliita rodiendi. Ncha moja ikiwa na hesi ya kulia na nyingine ya kushoto, urefu hubadilishwa kwa kuzungusha bomba bila kufungua bolti. Hesi iliyozama ndani isipungue mara moja na nusu ya kipenyo chake. Kwa hesi ya milimita 16, hiyo ni milimita 24. Mafundi makini hutoboa tundu dogo kwenye kipande hicho ili waone kwa macho kwamba hesi imefika.

Rodiendi ina udhaifu wake. Huvumilia kuvutwa na kusukumwa, lakini haipendi kupindwa, na huvunjikia kwenye hesi. Kwa hivyo kiti cha springi kisiwekwe katikati ya mkono unaotegemea rodiendi kwenye ncha zake, ila kama mkono huo umebuniwa mahususi kwa mzigo huo. Tena, vumbi la mchanga husaga tufe lake upesi, hivyo inafaa kuvishwa kifuniko cha mpira.

6.0 Kuchomea

Maungio ndiyo mahali ambapo mikono mingi ya kujiundia hushindwa. Chuma husuguliwa hadi king'ae, kisha hufutwa mafuta, kwa kuwa kutu, rangi na grisi huingia ndani ya chuma kilichoyeyuka na kuacha vishimo visivyoonekana. Boljointi na bushi huondolewa kabla ya kuwasha mashine; joto huchoma grisi na kuyeyusha plastiki iliyo ndani ya kikombe, na boljointi iliyoungua huonekana nzima kwa nje.

Mchomeaji huanza kwa kudonoa vidonda vidogo pande zote, kisha hukamilisha maungio kwa zamu: kidogo huku, kidogo kule. Chuma kilichoyeyuka hujikunja kinapopoa na kuvuta jirani yake; kuchomea upande mmoja mfululizo ni kuualika mkono upinde. Mashine inayotumia gesi ya agoni na ncha ya tangsteni hutoa maungio safi kuliko nyingine, lakini mkono uliozoea mashine ya kawaida hufanya kazi bora kuliko mkono mgeni kwenye mashine ya gharama.

Baada ya hapo, kazi huachwa ipoe polepole mahali pasipo upepo. Ndoo ya maji haina nafasi hapa. Vilevile, maungio yasisagwe hadi yawe laini kwa ajili ya urembo, kwani tuta lile dogo ni sehemu ya nguvu yake. Anayelisaga ili kazi ipendeze machoni hupunguza kilichokuwa kikimlinda dereva.

7.0 Kufunga

Bolti zina lugha yake. Namba 8.8 iliyochongwa kichwani ina maana kwamba chuma chake hukatika kwa mvuto wa nyutoni 800 kwa kila milimita ya mraba, na huanza kurefuka moja kwa moja kwenye asilimia 80 ya nguvu hiyo, yaani nyutoni 640. Bolti ya 10.9 hukatika kwenye nyutoni 1,000 na huanza kurefuka kwenye 900. Bolti isiyo na namba isitumike kwenye mkono wa gurudumu, hata ikiwa inaingia vizuri kiasi gani.

Bolti ishikwe na bamba pande zote mbili za bushi. Ikishikwa upande mmoja tu, huning'inia kama msumari ukutani na mzigo wote huipinda. Pale ambapo hakuna budi kutumia upande mmoja, wosha pana huwekwa nje ya rodiendi ili, tufe likichomoka, mkono usianguke.

Kosa linalorudiwa mno ni kukaza bolti za bushi za mpira gari likiwa bado linaning'inia. Mpira wa bushi nyingi umegandishwa na vikombe vyake vya chuma. Hauzunguki, bali husokoteka. Ukikazwa magurudumu yakiwa hewani, gari linaposhushwa mpira hubaki umesokotwa siku zote na huchanika mapema. Njia sahihi ni kuingiza bolti zote, kuzikaza kiasi tu, kuushusha uzito wa gari juu ya magurudumu, kisha kuzikaza kwa spana yenye kipimo hadi kiwango kinachotajwa na kiwanda.

Kabla ya springi kurudishwa, gurudumu hupandishwa na kushushwa polepole kutoka mwisho hadi mwisho. Fundi hutazama mambo manne: boljointi au rodiendi isifike mwisho wa mzunguko wake, bomba la breki lisivutwe, mhimili wa kuzungusha gurudumu usichomoke wala usibane, na tairi isiguse bodi.

Jambo la tano linahitaji kipimo. Mkono na tairodi, ile fimbo inayolisukuma gurudumu likate kona, zinapaswa kupanda na kushuka kwa pinde zinazolingana. Zisipolingana, gurudumu litakata kona lenyewe kila linapokanyaga jiwe. Ubao ulionyooka hufungwa kwenye kitovu cha gurudumu, nalo gurudumu hupandishwa milimita 20 kwa kila hatua. Umbali kutoka ncha ya mbele na ya nyuma ya ubao hadi kwenye uzi ulionyoshwa kando ya gari huandikwa kila hatua. Tofauti baina ya vipimo hivyo viwili ikibadilika sana, tairodi inahitaji kupandishwa, kushushwa au kubadilishwa urefu. Dereva anayelalamika kwamba gari lake lina wazimu kwenye njia mbovu mara nyingi anaeleza kasoro hii kwa maneno yake.

8.0 Kupinda au Kukatika?

Hapa ndipo penye kiini cha mjadala. Fundi mchanga hudhani kwamba mkono mnene kuliko yote ndio bora kuliko yote. Lakini nguvu ya jiwe haipotei kwa sababu mkono ni mnene. Mkono ukikataa kupinda, nguvu hiyo huhamia kwenye boljointi, kwenye bolti, na hatimaye kwenye chasisi, ambayo katika magari mengi madogo ni bati jembamba lililokunjwa. Mkono uliopinda hubadilishwa kwa dakika chache na mafundi waliojiandaa. Chasisi iliyochanika huhitimisha shindano, na huenda ikahitimisha maisha ya gari.

Kwa hivyo fundi hupanga tangu mwanzo ni kipi kitangulie kushindwa. Sehemu za kushikia kwenye chasisi huimarishwa kwa mabamba yanayotawanya mzigo. Bolti, hesi na maungio hupewa nguvu ya kuzidi ile ya bomba. Bomba lenyewe, la chuma kinachovutika, ndilo huachiwa kazi ya kupinda pigo linapokuwa kubwa kupita kiasi. Heri nusu shari kuliko shari kamili: mkono uliopinda bado unalishika gurudumu, hata kama limeelekea upande, na dereva aweza kusimama akiwa salama. Mkono uliokatika ghafla hauachi nafasi hiyo.

Kwa sababu iyo hiyo, mkono uliopinda haupashwi moto, ukanyoshwa na kurudishwa kazini. Chuma kilichopinda kimekwisha kutumia sehemu ya uhai wake. Umetoa ushahidi wake, na unastahili kustaafu.

9.0 Ukaguzi

Chuma pia huchoka. Mapigo madogo yasiyoweza kukivunja siku moja hukusanyika, na ufa huanza mahali pale ambapo tuta la maungio linakutana na bomba. Baada ya kila shindano mkono huoshwa na kukaguliwa mahali hapo hasa. Zipo dawa za rangi nyekundu na nyeupe zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, lakini karakana isiyo na uwezo ina njia ya zamani. Eneo hulowanishwa kwa mafuta ya taa, huachwa kwa muda, hufutwa hadi likauke, kisha hupakwa unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hutoka na kuchora mstari mweusi juu ya weupe. Mstari huo ukionekana, mkono huo haurudi kwenye gari.

10.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mkono wa gurudumu ni kipuri kidogo chenye dhamana kubwa. Huamua njia ya gurudumu, hubeba mapigo ya mawe, na ndio uliosimama baina ya watu wawili ndani ya gari na korongo lililo kando ya njia. Kuuunda hakuhitaji karakana ya kifahari. Kunahitaji timazi, chaki, fremu iliyonyooka, chuma kinachojulikana asili yake, na moyo wa kukubali kuanza upya pale vipimo vinapokataa kulingana.

Katika mashindano, jina la dereva ndilo hutangazwa na ndiye hupewa kikombe. Fundi aliyeunda mkono hubaki gerejini, mikono yake imejaa grisi. Hata hivyo, kila dereva anapoingia konani bila kuinua mguu kwenye mafuta, huwa ameyakabidhi maisha yake kwa mtu huyo na kwa maungio aliyoyachomea. Imani hiyo hailipwi kwa chuma kinene. Hulipwa kwa kupima, kukagua, na kuziba ufa kabla haujawa ukuta.